Kipandio cha Umeme Kikigoma

Ndugu zetu, na hasa akina mama mnaosafiri na wazee, juma hili twazungumzia kitu kidogo kilichofichwa chini ya mlango wa gari, nacho ni kipandio cha umeme.

Miongoni mwa magari ya familia yashushwayo Kilindini kutoka Japani, yamo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wazee na walemavu. Toyota huyaita Welcab. Katika baadhi yake, mlango wa ubavuni ukifunguliwa, kibao hujitokeza chini, mtu akakanyaga akapanda, ukifungwa, kikarudi. Magari-nyumba ya watalii nayo huwa na kipandio cha namna hiyo. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8, wengi hudhani kila kilichomo kingali kipya. Lakini chumvi haihitaji miaka mingi. Huko Japani, katika mikoa ya theluji, humwagwa barabarani wakati wa baridi. Na hapa kwetu hewa ya bahari haina likizo, licha ya maji yanayorushwa na magurudumu kwenye mteremko wa feri ya Likoni.

Kwetu Mji wa Kale kipandio kilipogoma, aliyeumia hakuwa dereva. Alikuwa shangazi yetu, ambaye magoti yake hayampandishi tena, wala hakubali kuinuliwa na wanaume njiani huku watu wakimtazama kutoka barazani. Hatukumlaumu, mtu mzima ana stara yake. Akakosa kliniki mara mbili. Sahibu yake wa utotoni, aishiye Likoni, akafiwa na mume, naye hakwenda kumpa pole. Hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi.

Fundi mmoja alitazama kwa dakika mbili tu akatoa hukumu: mota imekufa, inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja hatuiandiki hapa. Binti yetu akauliza, “Baba, kama imekufa, mbona mlango ukifunguliwa nasikia ‘tik’ huko chini?”

Swali hilo lilitufaa kuliko hukumu ile. Mlio ule ulikuwa dalili kwamba amri ya mlango yafika. Kungekuwa kimya kabisa, tungeanza na fyuzi, kisha swichi ya mlango. Hata hivyo fyuzi tuliichomoa tukaitazama. Uzi wake ulikuwa mzima. Tukawasha injini, kwani betri ya volti 12 ikichoka, kipandio hujikokota na kusimama nusu njia, na injini ikiunguruma hupata nguvu. Hapakuwa na tofauti. Tukaichomoa fyuzi tena, maana mkono hauingizwi katika viungo vile umeme ukiwepo, tukasugua mchanga na grisi iliyoganda kwa brashi na maji matamu. Bado ‘tik’, na hakuna mwendo.

Ndipo tukamwita fundi wa umeme, kijana mpole, akaja na taa yake ya kupimia. Umeme ulikuwa ukifika kwenye mota lakini haukuwa na njia ya kurudi: waya wa athi, pale ulipofungwa kwa bolti kwenye bodi, ulikuwa umeliwa na kutu, kijani na nyeupe. Akausugua kwa msasa, akakaza bolti, akapaka grisi. Mota ni ile ile hadi leo.

Mawili twayasisitiza. Fyuzi ikiungua, msitie kubwa zaidi wala karatasi ya fedha ya sigara. Waya utawaka moto, na gari lina watoto. Na kipandio kikikwama nje, msiondoke nacho hivyo. Ndia Kuu ni nyembamba, kitagonga baraza au muundi wa mpita njia. Kirudishwe kwanza na fundi, fyuzi ichomolewe, na mzee apandie kigoda kizito kisichoyumba.

Safari ya kwanza ilikuwa Likoni, eda ya sahibu yake ikiwa haijaisha. Shangazi alishika mlango, akakanyaga, akapanda mwenyewe, akaketi, akauliza mbona twachelewa kuondoka. Jioni tuliporudi, binti yetu alikiosha kipandio kwa maji matamu kabla hajavua buibui.