Sisi Wawili Juu ya Pikipiki



Tunawaandikia kutoka Geelong, mji ulio kando ya bahari katika jimbo la Victoria, Australia. Wengine wenu mliona picha zetu tumevaa kaske, mkatuuliza: "Ninyi wazee, mulipata wapi akili ya kuzunguka na pikipiki kama vijana?" Swali ni la haki. Tunalijibu pamoja, mume na mke, kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wawili.

Kwanza mujue kwamba zamani pikipiki haikuwa kwetu kitu cha kutembelea. Kule Bukavu ilikuwa kitu cha haraka na cha shida. Usiku mmoja wa mvua, mtoto wetu wa pili alishikwa na homa kali. Tulipata motari mmoja tu. Mmoja wetu alipanda nyuma na mtoto mgongoni, mwingine akafuata kwa miguu ndani ya matope. Mtoto hakurudi nyumbani. Tangu usiku ule, mlio wa pikipiki ulitukaza tumbo, na hatukuwahi kuzungumza juu yake. Vita ilikuja, tukakimbia, tukaishi kambini, na watoto waliobaki walitaka kula. Kilio chetu tulikifunga kama mzigo, tukakibeba bila kukifungua.

Huku Australia tulipata kazi wote wawili, tunamshukuru Mungu. Mama alifanya usiku, akihudumia wazee. Baba alifanya mchana, kwenye depo ya mizigo. Tulikuwa tunakutana mlangoni: mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Maneno yetu yalikuwa kodi ya nyumba, fakturi ya umeme, na nani wa nyumbani ameomba pesa. Siku moja binti yetu mkubwa alisema mezani: "Baba na mama, ninyi munaongea kama watu wa ofisi." Tulicheka, lakini neno lile lilituuma.

Wazo la pikipiki lilitoka kwa Baba. Mama alikataa. Alisema: "Baba watoto, unataka kunirudisha kwenye kile kiti?" Kwa miaka yote ile, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza lililogusa usiku ule. Baba hakubishana. Alijifunza, akafanya mtihani, akanunua pikipiki iliyokwisha kutumika. Sheria ya Victoria inamkataza mwenye leseni mpya ya pikipiki kubeba mtu kwa miaka mitatu ya mwanzo. Basi alienda peke yake, akarudi, akaenda, akarudi. Miaka ile mitatu ilimsaidia Mama kuliko maneno. Kila alipoisikia pikipiki ikiingia uani, moyo wake ulitua kidogo zaidi. Miaka ilipotimia, alisema mwenyewe: "Leta kaske yangu."

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya siku moja, siku ya Jumamosi. Tulishuka Torquay, mahali inapoanza barabara iitwayo Great Ocean Road. Ni ndefu karibu kilometa 240, na sehemu kubwa inafuata bahari. Askari waliorudi kutoka vita kuu ya kwanza ya dunia waliijenga kuanzia mwaka 1919 hadi 1932, kwa sururu, koleo na mikono, kuwakumbuka wenzao waliokufa. Pale Eastern View kuna lango la mbao juu ya barabara na sanamu ya wale wajenzi. Tulisimama hapo kwa muda mrefu. Sisi tunaotoka mahali pa vita tulishangaa kwamba kuna watu walioomboleza wafu wao kwa kutengeneza njia ya kupita.

Hatukimbii. Barabara inapinda kama ile ya Ngomo, ya kushuka kutoka Bukavu kwenda Kamanyola: upande mmoja mwamba, upande mwingine maji. Tena huku watu wanaendesha upande wa kushoto, si wa kulia kama kwetu, na mwanzoni akili inasahau. Gari likija nyuma yetu kwa haraka, tunaingia pembeni, linapita, tunaendelea. Ndani ya kaske hatusikilizani, kwa hiyo tuna alama zetu. Mama akigonga bega mara moja, maana yake punguza mwendo. Akigonga mara mbili, simama. Baba hajawahi kuuliza kwa nini. Anasimama tu.

Siku ile aligonga mara mbili tulipofika Lorne. Tuliketi kwenye benchi mbele ya bahari, tukatoa mandazi, mayai ya kuchemsha na termo ya chai. Mama alisema: "Alikuwa mzito mgongoni. Halafu njiani akawa mwepesi, nikajua." Baba alisema: "Mimi nilianguka mara mbili. Nilipofika, ulikuwa umemfunika tayari. Sikujua niseme nini, nikaanza kuuliza bei ya gari la kumrudisha." Kwa miaka yote ile Mama aliamini kwamba Baba alifikiri pesa tu. Baba naye aliamini kwamba Mama alimlaumu kwa kuchelewa. Tulilia pale mchana kweupe, wazungu wakipita na mbwa wao. Chai ilipoa. Hatukuendelea mbele siku ile. Tuligeuza, tukarudi nyumbani polepole.

Tangu hapo tunatoka mara moja kwa mwezi, ikiwezekana. Mara nyingi ni safari ya siku moja. Pale Anglesea kuna uwanja wa gofu ambamo kangaruu wanakula majani kama mbuzi wa kijiji, na wachezaji wanapita katikati yao. Tukiwa na siku mbili, tunalala Apollo Bay katika kijumba cha kukodi, asubuhi tunapita msitu wa Otway wenye miti mirefu, mpaka kwenye miamba iliyosimama ndani ya bahari, wanayoiita Mitume Kumi na Wawili. Mama aliihesabu, akapata minane. Mmoja ulianguka mwaka 2005, na hata kabla ya hapo haikutimia kumi na miwili. Tulicheka, tukasema: hata mitume wanapungua, lakini waliobaki wanasimama.

Sasa, wamama, tusiwafiche jambo linalotusumbua. Esanse ni pesa, na pesa ile ingeweza kumlisha mtu nyumbani. Tulipokuwa Apollo Bay mara ya kwanza, ujumbe ulifika kutoka Bukavu: mtoto wa ndugu yetu amefukuzwa shuleni, hajalipa minerval. Tuliona aibu. Chakula kilitushinda. Tulipiga simu kwa shangazi yetu, mzee wa familia, tukamweleza tuko wapi, bila kudanganya. Alinyamaza, kisha akasema: "Mtumie mtoto pesa yake kesho. Leo pumzikeni. Mtu aliyeanguka kwa uchovu hatumi kitu."

Baada ya hapo tuliweka mikebe miwili. Mkebe wa kwanza ni wa nyumbani: minerval, dawa, likelemba ya shangazi. Wa pili ni wa esanse. Wa kwanza usipojaa, wa pili haufunguliwi. Mwaka jana kulikuwa na miezi minne ambayo hatukutoka kabisa. Miezi ile tulitembea kwa miguu mpaka ufukwe wa Geelong, tukakaa, tukarudi. Ilitosha.

Na kuhusu usalama: kila mmoja ana kaske yake iliyofungwa vizuri kidevuni, koti zito, glavu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, hata siku ya joto. Tunarudi kabla jua halijazama, kwa sababu kangaruu wanatoka jioni na kuruka barabarani bila hodi. Ninyi munaopanda motari kila siku kwenda sokoni au hospitali, ombeni kaske. Na motari akitaka kubeba watu watatu, kataeni. Sisi usiku ule hatukuwa na la kuchagua. Munaoweza kuchagua, chagueni.

Hatuandiki ili mununue pikipiki. Bukavu ina ziwa, Uvira ina ziwa, na kutembea kwa miguu hakulipiwi. Tunaandika kwa ajili ya mama ambaye ana neno moja ambalo hajamwambia bwana wake tangu siku ya msiba, na kwa bwana ambaye naye ana lake. Nyumbani kuna sufuria, kuna watoto, kuna wageni. Neno lile halipati nafasi. Tafuteni saa mbili nje ya nyumba, ninyi wawili, na kitu kidogo cha kula. Musianze na pesa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutafika Lorne tena. Ingekuwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wetu. Mama atabeba mandazi.

Sisi wenu, Baba na Mama Watoto, Geelong