Siku Moja ya Kaskazi Bagamoyo

Kila mwaka toka Desemba hata Machi pwani yetu huwa chini ya upepo wa kaskazi. Ni miezi ya joto jingi: usiku haupoi, na mtoto huamka jasho likimtiririka. Wazazi wengi huuliza, Je, yafaa kusafiri na watoto wadogo wakati huo? Sisi twaona yafaa, na kwa ajili hiyo twapenda kuwaeleza habari za siku tuliyokwenda Bagamoyo pamoja na watoto wetu watatu, wa miaka 8, 5 na 3.

Toka Dar es Salaam hata Bagamoyo ni kilometa 70 hivi. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri ili tulitangulie jua. Walakini kiatu kimoja cha kitinda mimba hakikuonekana, na kilipoonekana ndani ya sufuria, mwenyewe akakikataa. Garini wakubwa wawili waligombania dirisha. Tukawapa kwa zamu. Mara yule mdogo, ambaye hakuwa amelitaka dirisha kabisa, akalilia zamu yake. Kisha embe bivu likachuruzika juu ya nguo safi. Mambo kama hayo si makubwa, wala hakuna awezaye kumshitaki mtu kwa ajili yake. Lakini yakijumlishwa huila asubuhi kama mchwa aulavyo mkeka. Tulipofika, jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Tulianzia penye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo upo mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa Livingstone uliwekwa Februari 1874. Susi na Chuma na wenzao walikuwa wameuchukua toka bara kwa muda wa miezi tisa hivi. Tulipokwisha kuwasimulia watoto, mkubwa hakuuliza habari za Livingstone, aliuliza, “Wale waliombeba walikunywa maji wapi?”

Karibu na hapo pana mbuyu mkubwa. Yasimuliwa kwamba zamani bibi mmoja wa misheni alimfunga punda wake kwa mnyororo katika mti huo. Mti ukanenepa, ukaumeza mnyororo, hata leo huonekana kipande kifupi tu. Wakubwa waligombana nani aushike kwanza. Kitinda mimba akauzunguka mbuyu wote akimtafuta punda, asimwone, akaangua kilio. Baba yake alimwambia kwamba punda amekwisha kwenda zake. “Basi tumfuate,” akasema, akakaa chini mchangani.

Wakati tulipokuwa tukimbembeleza huyo, mama yao alimtazama wa kati, aliyekuwa akinung'unika tangu asubuhi. Sasa alikuwa kimya. Uso ulikuwa moto, macho mazito, wala hakuomba maji. Mama akasema, “Baba watoto, huyu ameacha kulalamika. Tusiendelee.” Tukampeleka kivulini chini ya miembe, tukamvua shati, tukamlowesha kichwa na shingo, tukampa maji kidogo kidogo. Tulikaa tukimtazama bila kusema neno. Baada ya muda alifumbua macho vema, akasema kwamba ndugu yake amekalia kofia yake. Hatujapata kusikia mashitaka yaliyotufurahisha kama hayo.

Tulipumzika hapo hata saa kumi, na kivulini tulikumbuka desturi za watu wa zamani. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Wapagazi walifika na pembe za ndovu mabegani; na watu wengi walifikishwa wakiwa watumwa katika minyororo, jambo lisilofaa kusahauliwa. Misafara hiyo iling'oa kambi alfajiri, ikaenda wakati wa ubaridi, ikatua kabla jua halijawa kali mno. Walioijua njia hawakushindana na jua.

Jioni tulikwenda Kaole, kilometa 5 hivi kusini ya mji, penye magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine ya miaka mia nyingi. Upepo wa bahari ulivuma, na wakubwa wakahesabu nguzo za makaburi pasipo ugomvi. Kitinda mimba, ambaye tulitamani sana ayaone, alilala usingizi mgongoni mwa mama yake tangu langoni, asione hata jiwe moja.

Basi, wazazi na walimu mnaochukua watoto safarini, twawapa neno moja. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, naye akishughulika na mchezo husahau kiu. Mpeni maji kabla hajaomba, na saa za jua kali mpumzike kivulini. Tena msikasirike upesi kwa manung'uniko yake. Maana hayo ndiyo habari atuleteayo ya mwili wake, apendapo na asipopenda. Mtoto anayelilia dirisha au punda angali na nguvu za kulia. Yule aliyenyamaza ghafula katika jua, huyo ndiye wa kukimbiliwa kwanza.