Kete ya Bure

Wahenga walinena, tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini hawakutuambia tufanye nini adui mwenyewe anapotuletea chakula hadi mdomoni. Hilo ndilo swali linalomkabili mchezaji wa sataranji, au chesi kama tunavyoiita hapa shuleni, mpinzani wake anapomwachia askari wa bure. Je, ale au asile?

Sisi tuliolelewa Majengo, hapa Meru, tulianzia kwenye drafti. Ubao ni kipande cha kadibodi, kete ni vifuniko vya soda. Katika drafti swali hilo halipo: ukitegewa kete ni lazima ule, upende usipende. Mzee anakulisha moja, nawe ukishairuka tu, yeye anakuzoa tatu. "Kula, mjukuu wangu, karibu sana!" anakuambia, na wenzake wanaangua kicheko.

Chesi ni tofauti. Hakuna anayekulazimisha kula, na hapo ndipo penye kazi. Aliyelazimishwa ana kisingizio, aliyechagua hana.

Mbinu hii ya kutoa askari mwanzoni mwa mchezo huitwa gambiti. Kasisi Mhispania, Ruy López, alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1561, nalo latokana na neno la Kiitalia lenye maana ya kumpiga mtu ngwala. Naam! Mpiga ngwala hana haja na mguu wako. Anachotaka ni uanguke.

Chukueni mfano wa Gambiti ya Malkia. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya malkia hatua mbili, Mweusi anajibu vivyo hivyo. Mweupe anapeleka askari wa pili kushoto kwa yule wa kwanza, bila ulinzi. Mweusi akimla, hajakosea. Hata mabingwa humla. Balaa huja akitaka kumng'ang'ania. Analeta askari wa kumlinda yule aliyekula, Mweupe anamgonga huyo mlinzi kwa askari wa pembeni. Mweusi anamlinda mlinzi. Askari wanakulana, njia ya mshazari inafunguka, na malkia mweupe anatoka kidogo tu, akaikodolea macho ngome ya Mweusi pale kwenye kona. Ili kuiokoa, Mweusi hana budi kutoa kete yenye thamani kuliko huyo askari. Yote hayo kwa sababu ya askari mmoja!

Basi wajuao humla, kisha humwachilia. Mweupe anapohangaika kumrudisha askari wake, wao wanatoa farasi na kuweka mfalme mahali salama. Hawaulizi tu, "Nimepata nini?" Wanauliza pia, "Nitatumia hatua ngapi kukilinda?"

Mimi niliulizwa swali hilo nje ya ubao. Likizo ya Agosti, tajiri mmoja wa miraa alinipa kazi ya kupanga na kufunga mzigo, malipo mkononi kila jioni. Nyumbani kulikuwa na salio la karo, kwa hivyo nilikubali. Wiki ya mwisho akaniambia, "Endelea tu, kijana. Shule haikimbii." Mjomba naye akadakia, "Shika pesa, we! Waliosoma wangapi wanatafuta kazi?" Mama alinyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe.

Usiku huo nilihesabu. Hatua za Agosti zilikuwa zangu, hazikuwa na kazi nyingine. Lakini kila asubuhi ya muhula ningeitumia kulinda ile pesa ya jioni, na wenzangu darasani wangekuwa wanatoa farasi wao. Shule kweli haikimbii. Mtihani ndio unaokimbia.

Jumatatu ya kufungua shule nilivaa sare. Salio lilikuwa limepungua, halikuisha, na mama alikwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu lililobaki. Mjomba hakunisemesha kwa muda.

Wenzangu, sisemi mkatae kila cha bure. Kuleni, ikiwa mko tayari kukiacha. Ila kabla ya kunyoosha mkono, tazama mkono wa pili wa anayekupa uko wapi.