Boksi la pili la mjomba

Chuo kimefunga, niko zangu home Bujora. Wiki hii kesi nyumbani ni moja tu: sigara za Cuba.

Mjomba wangu wa Dubai anakuja kumuoza binti yake. Kanipigia: "Mjomba, wewe ndo msomi. Nataka kuwaletea wazee maboksi mawili ya Cohiba, 25 kila boksi. Nanunua pale eapoti, duka lisilo na ushuru. Kuna noma?"

Nikaisoma Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Msafiri mwenye miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa kuingiza tumbaku ya aina zote, jumla gramu 250, bila ushuru. Sigara moja ikiwa na gramu 10, boksi la kwanza limeshamaliza. La pili unalitaja mwenyewe, unalipia. Lile duka limekusamehe ushuru wa kule, sio wa huku.

Shangazi akadakia: "Si alifunge kwenye kitenge!" Hapo nikakaza. Likikamatwa linataifishwa, na baba wa bibi harusi anabaki eapoti anahojiwa wakati huku tunapiga ngoma.

Hata Rais Kennedy, Februari 1962, alimtuma Salinger amtafutie sigara 1,000 za Cuba kwanza, ndo akasaini marufuku. Mjanja yule, lakini alinunua kihalali.

Jana mjomba kakubali: boksi moja. Wazee nao wameuliza kama atakumbuka ugoro!