Kisii na Nyamira: Nchi Iliyobeba Majina ya Mababu

Ukijaliwa kuzuru vilima vya Kisii na Nyamira, sikiliza majina ya sehemu utakazopitia: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bonchari, Bomachoge, Mugirango. Usidhani ni maeneo ya bunge tu. Hayo ni majina ya koo kubwa za Abagusii, wanaojiita wana wa Mogusii.

Tazama neno linavyoanza. "Aba" ni watu, "Bo" ni nchi yao. Ababasi hukaa Bobasi, nao Abanchari hukaa Bonchari.

Wilaya ya Nyamira ilipotengwa na Kisii, undugu haukukatika. Kitutu Chache iko Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira. Mugirango nayo iko pande zote mbili.

Mtoto huko hupewa jina la jamaa aliyefariki, kwa hivyo jina moja hupatikana katika nyumba nyingi. Kinachomtambulisha mtu hasa ni ukoo.

Nawe kijana wa mjini mwenye asili ya huko, jihadhari. Ndani ya kila jina kubwa mna koo ndogo, na kwa mila watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kabla ya kutaja mahari, muulize babu: sisi ni wa nani?