Barua Mbili Ndani ya Faili

Baada ya Alasiri moja ya mwezi uliopita, maustadhi wawili wa madrasa yetu hapa Bagamoyo walitujia na kutuarifu, kwa adabu kamili, kwamba kuanzia kesho yake hawatasomesha. Posho yao ilikuwa haijalipwa kwa miezi mitatu.

Kamati ilikutana usiku ule ule. Mzee wetu mmoja akatukumbusha mgomo wa walimu wa mwaka 2012. Ulianza tarehe 30 Julai, tukiwa katika funga ya Ramadhani, Chama cha Walimu Tanzania kikidai nyongeza ya mishahara na posho. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikautangaza kuwa batili na kuamuru walimu warejee madarasani. "Ikiwa mahakama iliwarudisha wale," akauliza, "hawa wa madrasa ni nani?"

Hoja ilitupendeza, kwa kuwa ilitusahaulisha deni. Lakini haikuwa kweli yote. Mahakama haikusema kwamba mfanyakazi hana haki ya kugoma. Ilisema taratibu hazikufuatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitambua haki hiyo, ila inataka kwanza usuluhishi, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Yaani mtu aseme kwanza, asikilizwe, ndipo autue mzigo.

Sisi tuliokabidhiwa ukatibu tuliinamisha vichwa kwa haya. Ndani ya faili letu zilikuwemo barua mbili za maustadhi hao. Tulizipokea, tukazigonga muhuri, wala hatukuzisoma kikaoni, kwa kuwa fedha zilikwisha kwenda kwenye vigae vya baraza ya msikiti. Wao walisema kwanza. Tuliokataa kusikiliza ni sisi.

Tukasimama, tukayakiri hayo mbele ya wazee. Mtume (s.a.w.) ametuagiza tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijamkauka, na jasho la hawa lilikuwa limekauka zamani. Kamati ikasimamisha ujenzi na kulipa miezi miwili. Wa tatu tungali tunadaiwa.

Watoto wamerejea kwenye juzuu zao. Baraza nusu ni vigae, nusu ni saruji tupu, na kila tuipitapo kwenda kuswali tunakumbuka. Ndugu zetu wa kamati, kabla hamjauliza kwa nini mfanyakazi amegoma, lifungueni faili.

Wabillahi tawfiq.