Pete Mguuni mwa Mbayuwayu

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha katika uwanda wa Ruzizi, mbayuwayu huturudia. Ni ndege mdogo, mwenye uzito wa gramu 20 hivi. Mgongo wake ni mweusi wenye mng'ao wa buluu, paji na koo ni vyekundu kama tofali lililochomwa, tumbo ni jeupe, na mkia wake una panda mbili ndefu. Mchana hukamata wadudu angani. Jioni hukusanyika na wenzake kwa wingi ili kulala katika matete.

Tulikuwa tumemaliza karibuni masomo ya ualimu, mwanafunzi mmoja alipotuletea mbayuwayu aliyemwokota amekufa. Mguuni alikuwa na pete nyembamba ya madini, yenye herufi na namba. Mara darasa likajaa minong'ono. Huyu akasema ni hirizi ya mchawi. Yule akasema ni alama ya adui anayetupeleleza. Ilipofika adhuhuri, hapakuwa na mtoto aliyekubali kuketi na mwenzake yule kwenye benchi moja.

Nasi tulifanya nini? Hatukujua maana ya pete ile, na tuliona haya kukiri hivyo mbele ya watoto. Tukaamuru ndege azikwe, tukaendelea na somo la hesabu. Kabla ya mwaka kwisha, mtoto yule alihamia shule nyingine. Hatukumwomba msamaha.

Miaka ikapita ndipo tukasoma kwamba pete hizo huvishwa na watu wanaochunguza safari za ndege. Mwaka 1911, John Masefield wa Cheadle, Uingereza, alimvisha mbayuwayu pete. Desemba 1912 ndege huyo akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Hivyo ikathibitika njia yao. Huko Ulaya hujenga viota vya udongo katika mazizi na kuta za nyumba, na kulea makinda. Baridi ikaribiapo na wadudu wakipungua, huvuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara. Huku kwetu hawatagi. Hula, hubadili manyoya, na kuanzia mwezi wa tatu hurejea kaskazini, wengi wao kwenye jengo lilelile walilotoka.

Kumbe pete ile ilikuwa swali tu: ewe uliyemwona, umemwona wapi? Nasi tulilizika swali lile, na pamoja nalo heshima ya mtoto asiye na kosa.

Basi, vijana, mkiokota ndege mwenye pete, nakilini namba, mahali na tarehe, mkampelekee mwalimu. Na mwenzenu akinyoshewa kidole kwa jambo ambalo hakuna alijuaye, asikose hata mmoja kati yenu wa kusimama na kusema: hatujui, tuulize kwanza. Maneno hayo ni machache, nasi tulishindwa kuyatamka.